Tuchore na Mstari wa Mpagazi

Tulipokuwa Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, tulihudhuria mkutano wa wakulima wa tumbaku uliofanyika chini ya mwembe. Afisa mmoja kijana, aliyetumwa kuwaeleza wakulima mwenendo wa bei, alitundika karatasi kubwa kwenye shina la mti ule. Katika karatasi hiyo palikuwa na mstari mmoja mwekundu uliotoka kushoto kwenda kulia, ukipanda hapa na kushuka pale, mfano wa njia ya mlimani. Kijana alieleza vizuri na kwa adabu. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Mzee mmoja, ambaye kwa umri wake hata mwenyekiti wa mkutano alimwamkia shikamoo, alinyanyuka akasema: "Mwanangu, mlima wako tumeuona, na Mungu akubariki. Sasa nionyeshe, mimi niko wapi katika mlima huo?"

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, kisha akaitazama karatasi yake kwa muda, na hakupata pa kuweka kidole. Mstari ule ulikuwa wa bei ya soko. Bei aliyolipwa mzee haikuwamo, wala gharama ya mbolea, wala ya kuni za kukaushia tumbaku. Mzee aliketi, mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Sisi hatuna haki ya kumcheka kijana yule. Miaka kadhaa nyuma, katika kazi zetu za Chama, tulipewa jukumu la kutayarisha mchoro wa takwimu kwa ajili ya mkutano wa hadhara. Ongezeko tulilokuwa nalo mkononi lilikuwa dogo, na sisi tulitaka lionekane kubwa. Basi tukaukata mguu wa grafu: badala ya kuanzia hesabu kwenye sifuri, tuliianzia karibu na pale mstari wenyewe ulipoanzia, na kichuguu kikawa Kilimanjaro. Wananchi walipiga makofi. Kila tarakimu iliyoandikwa pale ilikuwa ya kweli, na ulimi wetu haukutamka uwongo. Lakini tulidanganya kwa kalamu, na makofi yale mpaka leo hatuyakumbuki kwa raha.

Kwa sababu hiyo tumeona leo tuizungumze grafu yenyewe: imetoka wapi, imeingiaje katika elimu ya uchumi, na ina deni gani kwa mkulima wa Tabora na wa Pemba.

Wengi wetu tulikutana na grafu skuli, katika daftari la miraba, na tukadhani kuwa ni kitu cha tangu zama za kale. Sivyo. Hesabu ni ya kale, na majedwali ya tarakimu ni ya kale. Lakini kuchukua bei au mapato ya nchi, mwaka baada ya mwaka, na kuyageuza kuwa mstari unaoonekana kwa jicho, ni jambo lenye umri wa zaidi kidogo ya karne mbili. Aliyelianzisha katika mambo ya uchumi ni Mskoti aitwaye William Playfair, aliyezaliwa mwaka 1759. Huyu hakuwa profesa. Katika ujana wake alikuwa mchoraji wa mashine katika kazi ya James Watt, yule bingwa wa injini za mvuke, na huko ndiko mkono wake ulikozoea rula na karatasi. Mwaka 1786 alitoa mjini London kitabu cha michoro juu ya biashara ya Uingereza na nchi nyingine. Miaka aliipanga katika mstari uliolala, fedha akazipanga katika mstari uliosimama, kisha akachora mistari miwili: mmoja wa bidhaa zinazoingia, mmoja wa zinazotoka. Nafasi iliyobaki baina ya mistari hiyo ndiyo faida au hasara ya taifa. Msomaji hakuhitaji tena kutoa na kujumlisha, alitazama tu.

Playfair alitoa mfano ambao hata muuza duka wa Darajani angeuelewa. Alisema, mfanyabiashara akirundika kila jioni sarafu alizozipata siku ile, rundo kando ya rundo, baada ya muda ataona kwa macho siku za neema na siku za ukame. Grafu ni marundo hayo, isipokuwa yamewekwa juu ya karatasi. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Playfair aliongeza hatua moja: hata mali yenye daftari hupotea bila habari, iwapo daftari lenyewe lina kurasa mia na hakuna mwenye subira ya kulisoma.

Inafaa tujue pia kwamba mchoro wa nguzo, ule tunaouona leo katika kila ripoti ya wizara, ulizaliwa kutokana na upungufu. Playfair alitaka kuionyesha biashara ya nchi yake ya Uskoti, lakini takwimu alizozipata zilikuwa za mwaka mmoja tu, baina ya 1780 na 1781. Mstari hauwezi kupita katika nukta moja. Basi akachora nguzo kwa kila nchi iliyofanya biashara na Uskoti, nchi kumi na saba. Mwaka 1801 akachora duara lililokatwa vipande, kama mkate, kuonyesha namna ardhi ya dola ya Uturuki ilivyogawanyika baina ya Asia, Ulaya na Afrika. Na katika uzee wake, mwaka 1821, alitoa mchoro ambao kwetu sisi una maana kuliko yote: aliweka pamoja bei ya ngano na ujira wa fundi kwa muda wa miaka 250 hivi. Hapo hakuuliza tena taifa limepata nini. Aliuliza mtu afanyaye kazi kwa mikono yake anaweza kununua ngano kiasi gani kwa jasho la wiki moja. Swali hilo ni ndugu wa swali la mzee wa Kipalapala.

Mtu angetarajia kuwa wataalamu wa uchumi walikipokea chombo hiki kwa mikono miwili. Hawakufanya hivyo. Playfair alikuwa mtu wa madeni na kesi, na waungwana hawakupenda kujifunza kwake. Zaidi ya hayo, wakati ule wachumi waliamini kuwa ukweli wa elimu yao uko katika hoja na maneno. Mchoro waliuona kama pambo la kuwavutia wasiojua kusoma. Miongo mingi ilipita. Mwaka 1838 Mfaransa Augustin Cournot alichora mstari wa kuonyesha kuwa bei ikipanda mahitaji hupungua, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Katika miaka ya 1860 Mwingereza William Stanley Jevons alirudi kwenye njia ya Playfair, akachora mabadiliko ya bei ili aone kama yana majira yake, mfano wa mvua. Hatimaye Alfred Marshall, mwalimu wa Cambridge, aliitetea grafu hadharani mwaka 1885 mbele ya wataalamu wa takwimu, na mwaka 1890 akatoa kitabu kikubwa kilichofundisha uchumi kwa nusu karne. Lakini hata yeye aliiweka michoro yake chini ya kurasa, katika maelezo ya pembeni, kama mtu anayemkaribisha mgeni barazani asimwingize ndani.

Mchoro wa Marshall ndio unaofundishwa hadi leo: mstari mmoja wa wanunuzi unashuka, mstari mwingine wa wauzaji unapanda, na pale inapokatana ndipo bei inapokaa. Sisi tuliolelewa chuoni kabla ya skuli tunapouona mchoro huo tunamkumbuka Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131. Wengi wanamjua kwa mashairi, lakini alikuwa bingwa wa aljebra, na mafumbo ya hesabu yaliyowashinda wengine aliyafumbua kwa kuchora mikunjo miwili na kutazama ilipokatana. Wala si hayo tu. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika katika Mukadima yake namna wingi wa bidhaa unavyoshusha bei, na namna dola inayozidisha kodi inavyoishia kupata mapato madogo, kwa kuwa watu huacha kufanya kazi na biashara. Aliyaeleza yote hayo kwa maneno matupu, bila ya mstari hata mmoja.

Hapa pana funzo ambalo maafisa wetu hawana budi kulizingatia. Wazo hilo la kodi lilikaa katika vitabu kwa karibu miaka 600. Kisha, inasimuliwa, mwaka 1974 katika hoteli moja ya Washington, Mmarekani Arthur Laffer alilichora juu ya kitambaa cha mezani mbele ya wakubwa wa serikali: mkunjo mmoja unaopanda kisha ukashuka. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kuwa wazo si lake, akamtaja Ibn Khaldun. Katika miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilipunguza kodi za matajiri kwa hoja hiyo. Na mkunjo ule ulikuwa na ila moja kubwa: haukuwa na tarakimu. Haukumwambia mtu kileleni ni wapi, wala nchi yake imesimama upande gani wa kilima. Jicho huamini upesi kuliko akili, na kwa hivyo mchoro usio na vipimo unaweza kulifikisha taifa mahali ambapo maneno yasingelifikisha.

Hata hivyo tusije tukadhani kuwa grafu ni silaha ya wenye nguvu peke yao. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, msomi Mwamerika mweusi W. E. B. Du Bois alipeleka michoro mingi iliyochorwa kwa mkono, kwa rangi, yeye na wanafunzi wake wa Atlanta. Ilionyesha ardhi, mali, elimu na kazi za watu weusi wa jimbo la Georgia, kizazi kimoja baada ya utumwa. Wakati huo walikuwapo wataalamu waliodai kuwa mtu mweusi hawezi kuendelea. Du Bois hakugombana nao kwa matusi. Aliuchora mstari wa watu wake, akautundika ukutani, ulimwengu ukautazama.

Mwaka 1923, katika mkutano mkuu wa chama cha Kikomunisti cha Urusi, Trotsky aliwaonyesha wajumbe mchoro wenye mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa bei ya vitu vya kiwandani, nao ulikuwa ukipanda. Wa pili ulikuwa wa bei ya mazao ya wakulima, nao ulikuwa ukishuka. Mistari hiyo ilipokwisha kukatana iliachana kama ncha za mkasi uliofunguliwa, na tangu siku hiyo shida ile ikaitwa mkasi. Mkulima wa Urusi alikuwa haoni sababu ya kuuza nafaka yake ilhali jembe na nguo havinunuliki. Serikali ililazimika kushusha bei za viwandani. Majedwali ya bei yalikuwapo maofisini kabla ya mchoro ule. Lakini jedwali halina umbo, na mkasi kila mtu anaujua.

Mkasi huo haukuwa wa Urusi pekee. Kuanzia mwaka 1949 na 1950, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa nchi zinazouza mazao ghafi huelekea, kadiri miaka inavyopita, kupata vitu vichache zaidi vya viwandani kwa kiasi kile kile cha mazao. Mwalimu Nyerere aliufundisha ulimwengu jambo hilo kwa lugha ya shamba: alizoea kuipima bei ya trekta kwa tani za katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu za Tanzania zilionyesha kwamba, ili kununua lori moja la tani saba mwaka 1981, ilitubidi tuuze nje tumbaku mara kumi ya ile iliyohitajika miaka mitano kabla. Tumbaku hiyo, kwa sehemu kubwa, ni jasho la watu wa Tabora.

Sasa turudi katika njia ya misafara, kwani hapo ndipo grafu inapotugusa sisi watu wa visiwani pamoja na ndugu zetu wa Unyamwezi. Kulikuwa na msemo kwamba zumari ikipigwa Unguja, wa maziwani hucheza. Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, ilikuwa kituo kikubwa baina ya pwani na maziwa. Burton na Speke walipofunga safari kutoka pwani mwezi Juni 1857 waliwasili huko tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Njia hiyo hiyo ilipitwa kila mwaka na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi kichwani au begani. Kwenda bara walibeba merikani, kaniki na shanga. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu.

Mwanahistoria wetu wa Zanzibar, Abdul Sheriff, aliyesomesha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1987 kitabu juu ya watumwa, viungo na pembe katika uchumi wa Zanzibar. Ndani yake mna grafu inayoiweka bei ya pembe mjini Unguja kando ya bei ya merikani, ile nguo ya pamba iliyotoka Marekani. Bei ya pembe, tangu miaka ya 1820 hadi mwanzo wa miaka ya 1870, ilipanda takriban mara nne. Nguo haikupanda hivyo. Kwa muda mrefu ilisimama au kushuka, isipokuwa pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipoleta uhaba wa pamba. Kwa hivyo huu nao ni mkasi, lakini umefunguka upande mwingine: kila frasila ya pembe ilileta nguo nyingi kuliko zamani. Ukiitazama grafu hiyo unafahamu mara moja kwa nini misafara haikutosheka na Tabora, bali ilisonga mbele hadi Ujiji na Manyema. Kwa nini nyumba za mawe ziliongezeka Unguja. Na kwa nini mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, wafanyabiashara wa Tabora walishika bunduki.

Lakini tuulize alilouliza mzee: mpagazi yuko wapi katika mlima huo? Hayumo. Na si kosa la mwanahistoria. Bei za pembe na nguo zimetufikia kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa na haja ya kuziandika: wafanyabiashara wa Salem katika barua zao, makonsuli wa Marekani, Uingereza na Ufaransa, na wenye kukodi forodha ya Sultani. Hakuna katika hao aliyekuwa na haja ya kuandika posho ya mpagazi kwa mpangilio, mwaka hadi mwaka. Wala mtama aliokula, wala waliobaki njiani. Mwaka 2006 mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu kizima juu ya wapagazi hao, na ilimbidi aokote habari zao chembe chembe katika shajara za wasafiri na kumbukumbu za wamisionari. Kilichoandikwa na tajiri kimekuwa mstari. Cha maskini kimebaki chembe chembe.

Kipalapala yenyewe ni ushahidi. Katika miaka ya 1880 wamisionari Wapadri Weupe walikuwa na kituo mahali hapo, wakiwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao walitoka kwao kwa njia ile ile iliyopitisha pembe. Bei yao iliandikwa na walioinunua. Majina ya mama zao hayakuandikwa na mtu. Mtu akiitazama grafu ya pembe inayopanda kwa uzuri kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuwakumbuka watoto wa Kipalapala, atasema zama zile zilikuwa za neema. Na kweli zilikuwa za neema, kwa yule ambaye mstari ni wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi wa safari ndefu ikafa. Lakini desturi ya kuchora mstari wa bidhaa na kuusahau wa mchukuzi wake haikufa pamoja naye. Leo bidhaa ni tumbaku kwa Tabora, na karafuu kwetu sisi wa Unguja na Pemba. Mkarafuu tunaujua: kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo. Kila mwaka tunasomewa tani zilizovunwa na fedha za kigeni zilizoingia. Ni haki tusomewe. Lakini mchumaji aliyepanda mti alfajiri, na mwenye shamba aliyekopa ili alipe wachumaji, wana haki ya kuona mistari mitatu katika karatasi moja: bei ya soko la dunia, bei anayolipwa mkulima, na bei ya mchele na unga dukani.

Tunawaambia ndugu zetu maafisa, kwa heshima na bila kificho, mambo manne. La kwanza, kila mchoro wa bei ya zao unaopelekwa kwa wakulima uwe na mstari wa mkulima mwenyewe. Usipokuwapo kwa sababu haujaandikwa, basi kazi ianzie hapo, uandikwe. La pili, mguu wa grafu usikatwe. Na ikiwa hapana budi kukatwa, basi iandikwe wazi kwa herufi kubwa, na afisa aitamke kwa mdomo wake. La tatu, mchoro utundikwe pale mkulima anapopimiwa zao lake, kituoni na katika chama cha ushirika, wala usibaki katika ripoti inayosomwa na walioiandika. La nne, miaka mibaya isifichwe. Playfair aliichora na ile mistari iliyoonyesha nchi yake ikinunua kuliko inavyouza. Wananchi walioweza kuvumilia ukame na vimbunga hawashindwi kuvumilia mstari unaoshuka.

Tunajua kuwa wapo watakaosema kwamba kumwonyesha mkulima mistari hiyo ni kuchochea manung'uniko. Sisi tunasema manung'uniko yapo tayari, na hukua zaidi gizani. Mkulima akiona bei ya dunia imeanguka, na yake imeanguka pamoja nayo kwa kiasi kile kile, ataumia lakini hatakuwa na wa kumshuku. Akiona ya dunia imepanda na yake imelala, atauliza, na ni haki yake aulize, na ni wajibu wetu kujibu. Serikali ya wakulima na wafanyakazi haiwezi kuliogopa swali la mkulima kuliko inavyoiogopa hasara yake.

Nao wananchi wana wajibu wao. Kila mwenye shamba na aweke daftari lake, hata kama ni la karatasi mbili: kilo alizouza, fedha alizopokea, fedha alizotumia. Chuoni tuliandikiwa juu ya ubao kwa wino, ubao ukaoshwa, ukaandikwa tena. Kilichobaki ni kile tulichokihifadhi moyoni. Bei hazihifadhiki moyoni. Zinahitaji karatasi. Mpagazi wa njia ya Ujiji hakuwa na daftari, na kwa hivyo wajukuu zake hawana mstari wa kuuonyesha ulimwengu.

Kule Kipalapala, mkutano ulipokwisha, tulimwona yule kijana amebaki chini ya mwembe akiikunjua tena karatasi yake. Alimwita yule mzee, akampa shikamoo, akamwomba amtajie bei alizolipwa miaka mitano iliyopita. Mzee akamtuma mjukuu wake nyumbani akalete risiti, naye akazileta zimefungwa katika kipande cha kanga. Wakakaa wote wawili juu ya mzizi wa mti, mmoja akisoma tarakimu, mwingine akitia nukta kwa penseli. Ilipofika nukta ya tano kijana aliziunganisha. Ulikuwa mstari mfupi, nao ulikuwa chini sana ya ule mwekundu.

Mzee aliutazama kwa muda, akaweka kidole chake juu yake. "Basi niko hapa," alisema.